Jamaa yangu wa Maskati anataka tununue hisa za 3D Systems. Ripoti inasema faida milioni 104 lakini mauzo yameshuka, nifahamisheni

FundiMkunazini
Asalaam alaykum wana jukwaa. Mie nna kiprinta changu cha 3D hapa mjini, natengeneza gia za feni, vishikio vya friji, na vitu vya kuwauzia watalii vya umbo la mlango wa Zanzibar, mambo madogo madogo. Sasa mtoto wa mjomba wangu alioko Maskati ananambia nchange dola mia 3 na yeye atie mia 3 tununue hisa za kampuni ya Kimarekani inaitwa 3D Systems, ndo wenyewe waloanzisha huu mchezo wa kuprinti vitu. Kanitumia klipu ya mtu anapiga kelele ati robo ya pili ya 2025 (miezi mitatu, Aprili mpaka Juni) wamepata faida dola milioni 104, mwaka wa nyuma robo kama hiyo walikula khasara milioni 27.

Nikasema ntatizama mwenyewe, nikaifungua ripoti. Nikaona mauzo milioni 94.8, mwaka wa nyuma ilikuwa 113.3. Sasa hapa ndo nimekwama. Mauzo yameshuka asilimia 16, faida imetoka wapi? Wamefukuza wafanyakazi wote au vipi?

Kijana_wa_Bububu
Wamekata marupurupu ya mabosi 😂😂 haiwezekani hiyo ami

BintiMalindi
Waalaykum salaam Fundi. Ulivyofanya kuanza na mauzo umefanya jambo la maana, wengi wanarukia mstari wa chini kabisa wanapiga vigelegele.

Jibu lipo ndani ya ripoti hiyo hiyo. Mwezi wa 4 mwaka 2025 waliuza kitengo chao cha softiwea kinaitwa Geomagic kwa kampuni ya Sweden inaitwa Hexagon, bei dola milioni 123. Kihasibu unapouza kitu kwa bei ya juu kuliko thamani iliyoandikwa vitabuni mwako ile tafauti inaingia kama faida ya robo hiyo. Sasa ukiitoa hiyo faida ya kuuza, biashara yenyewe ya kuprinti ilikuwa bado inakula khasara. Hata ile hesabu yao wenyewe waloisafisha, wakatoa riba, kodi, uchakavu na mambo ya mara moja, ilitoka hasi milioni 5 na kitu.

Ni kama mvuvi kauza mashine ya boti halafu anarudi nyumbani anasema leo tumevua vizuri. Pesa ziko mfukoni kweli, hasemi uongo, ila samaki hawapo na kesho atatoka na kasia.

Na si mara ya kwanza. Tizama mwaka 2021, kampuni hii hii iliandika faida ya dola milioni 322 kwa mwaka mzima, watu wakashangiria, kumbe mwaka ule waliuza kitengo cha kufundishia madaktari upasuaji kinaitwa Simbionix kwa milioni 305, na vyengine viwili vitatu. Mwaka uliofuata 2022 khasara milioni 123 hivi. 2023 khasara milioni 362. 2024 khasara milioni 255. Kwahivyo ukiona faida kwenye kampuni hii suali la kwanza, safari hii wameuza nini?

Kijana_wa_Bububu
khasara milioni 362 kwa mwaka halafu bado ipo hai?? mie nikila khasara laki 3 nalala mchana

BintiMalindi
@Kijana_wa_Bububu si zote ni keshi iliyotoka. 2023 kama milioni 300 na kitu ni kushusha thamani vitabuni. Yaani miaka ile walinunua vikampuni kwa bei kubwa, wakaviandika vitabuni kwa bei ile, baadae wakakubali kuwa havina thamani hiyo, wakazifuta. Pesa yenyewe ilishatoka zamani siku wanayonunua. Ila usiipuuze pia, mana inakwambia hawa watu walikuwa wananunua vitu ghali.

MpembaDubai
Bi Malindi heshima yako lakini hapa mnaihukumu kampuni vibaya. Tuseme ukweli, Geomagic waliinunua mwanzo wa 2013 kwa milioni 55, na kabla yake 2012 wakanunua ile ya Wakorea Rapidform kwa milioni 35, wakavichanganya. Tisini jumla, wakauza 123. Hio si biashara mbaya.

Na kwa nini wameuza? Kwa sababu wana deni. 2021 pesa zilipokuwa rahisi walikopa milioni 460 kwa hati za mkopo ambazo hazina riba hata senti, mwenye hati anaweza kugeuza ziwe hisa. Wakati ule hisa imepanda kila mtu akaona atageuza tu. Hisa ikaanguka, hakuna anaegeuza, kila mtu anataka pesa yake Novemba 2026. Sasa weye ungekaa na softiwea yako nzuri ukisubiri wadai waje mlangoni? Wameuza, wamelipa, wamepumua. Hati nyengine walizinunua tena wenyewe kwa bei ya chini kuliko walivyokopa, hapo wamechuma. Hivyo ndivyo kujipanga upya kulivyo, hakuna kampuni inayojipanga upya ikabaki na kila kitu.

BintiMalindi
@MpembaDubai kaka mie sikusema wamekosea kuuza. Nimesema isihesabiwe kuwa ni faida ya kazi. Na tizama walichouza. Softiwea ukishaitengeneza kumuuzia mtu wa kumi hakuna plastiki ya kuyeyusha wala meli ya kukodi, ndo kipande chenye pato zuri kuliko vyengine. Sasa kilichobaki kinaonekana: robo ile kila dola 100 waliyouza walibakiwa na 38 baada ya gharama za kutengeneza, mwaka wa nyuma ilikuwa 41 na nusu. Na mwezi wa 9 wakatangaza wanauza na nyengine, ile programu ya 3DXpert na sehemu ya Oqton, kampuni nyengine ya softiwea. Oqton waliinunua 2021 kwa milioni 180! Hapo utanambia wamechuma?

MpembaDubai
Oqton nakubali, ile walipigwa

Daktari_Meno_Chake
Mie si mtu wa hisa ila printa hizi nazijua kwa upande wa meno. Biashara yao haiko kwenye printa kama mnavyodhani. Printa unaiuza mara moja, mteja anaweza kukaa nayo miaka, lakini ile rezini, yale maji mazito yanayogandishwa kwa mwanga, anainunua kila siku mpaka achoke. Na wao kwenye mashine nyingi rezini inatoka kwao. Kwahivyo viwanda vinapoona riba za benki ziko juu au Trump kaweka ushuru, jambo la kwanza wanalosema ni tusubiri kununua mashine mpya. Mauzo ya printa yanaanguka. Rezini inashuka polepole mana zile mashine zilizopo zinaendelea kufanya kazi.

Sasa mteja wao mkubwa kuliko wote ni Align Technology, hawa wanaotengeneza vile vya plastiki inayoonesha vya kunyoosha meno, Invisalign. Kile kivalio chenyewe hakiprintiwi, kinachoprintiwa ni umbo la meno ya mgonjwa kisha plastiki inakandamizwa juu yake. Kila mgonjwa anahitaji maumbo kibao, kila hatua ya jino kusogea ni umbo jengine. 2024 walisaini mkataba wa miaka 5 wa kumuuzia Align rezini, milioni 250. Ukiigawa ni milioni 50 kwa mwaka kutoka kwa mteja mmoja, kwa kampuni ambayo 2024 nzima iliuza milioni 440. Ni nguzo hiyo lakini pia ni hatari, siku Align kapiga chafya hawa wanalazwa.

Jengine wamepata kibali cha serikali ya Marekani 2024 cha kuprinti meno bandia seti nzima, ufizi na jino kwa pamoja. Hilo mie naliona litakuja juu, wazee ni wengi huko.

FundiMkunazini
Daktari ahsante sana, hili la rezini nimelifahamu mana hata mie printa nishaisahau bei yake ila waya wa plastiki unanimaliza kila mwezi na mzigo unakaa bandarini.

Sasa kuna hili, mbona mie na wenzangu wote tunatumia mashine za Kichina? Sijawahi kuona mtu Unguja ana 3D Systems.

Msomi_Bweleo
@FundiMkunazini ndo suali hilo. Chuck Hull alichapa kitu chake cha mwanzo 1983, kikombe kidogo cha kuoshea jicho, akapata hataza (haki ya uvumbuzi, mwengine asiige) 1986 na kampuni yake hii ya 3D Systems ikaanza mwaka huo huo. Wakakaa miaka wanalindwa na hataza. Hataza zina umri, zikifa kila mtu anaingia. Leo Bambu Lab ya Shenzhen imeanzishwa 2020 tu na imeshika watu wa chini wote kwa bei ambayo Mmarekani hawezi kuigusa. 3D Systems walijaribu soko la nyumbani na printa yao ya Cube, mwisho wa 2015 wakalifunga wakakimbilia viwandani, hospitali na jeshini ambako mtu hanunui kwa bei ananunua kwa vyeti. Hapo Mchina bado anasumbuka kuingia, lakini kwa upande wa chuma anakuja mbio, ukitizama mashine za leza zinazoyeyusha unga wa chuma Wachina wanauza nyingi sasa.

Kwahivyo huwezi kusema watajipanga upya halafu watarudi walivyokuwa. Mwaka 2014 mwezi wa kwanza hisa hii ilipita dola 90. 2025 kipindi kirefu ilikuwa chini ya dola 3. Watu wakiona 90 halafu 2 wanadhani ni bei ya kutupa, kumbe 90 ndo ilikuwa bei ya wendawazimu.

Kijana_wa_Bububu
kwahivyo hisa mia moja kwa dola mia mbili na kitu?? nitie na mie

SheikhMwanakwerekwe
Vijana kabla hamjatia kitu hamjauliza la msingi. MpembaDubai kasema hati za mwanzo hazikuwa na riba. Hizo mpya jee?

MpembaDubai
Sheikh umenibana. Mwezi wa 6 2025 walitoa hati mpya za milioni 92 kwa riba ya 5.875 kwa mwaka mpaka 2030, tena safari hii zimewekewa dhamana ya mali za kampuni. Pesa hizo pamoja na za Geomagic ndo zikalipa kipande kikubwa cha zile za 2026.

SheikhMwanakwerekwe
Kwahivyo wametoka kwenye deni lisilo na riba wakaingia kwenye riba. Sasa kuna wanaokataza moja kwa moja hisa za kampuni inayokopa kwa riba, na kuna wanaotumia vipimo vya AAOIFI ya Bahrain, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kwamba shughuli yenyewe iwe halali, deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato lisilofaa lisizidi asilimia 5, nalo ulitoe sadaka. Kuprinti meno halina tatizo. Lakini kipimo cha pili hapa ndo kina mtego, mana kinapimwa kwa bei ya hisa. Hisa ikianguka nusu, deni lile lile milioni 92 linaweza kuvuka mstari bila ya wao kukopa hata senti moja. Kampuni leo inaweza kuwa ndani, mwezi ujao iko nje. Kwahivyo anaenunua kwa kipimo hicho awe tayari kutizama kila robo, na akiona imevuka atoke. Kama hamna muda huo, Sukuk ya SMZ (hati za serikali zisizo na riba) ilitoka 2025 na watu wameingia, mbona hamkuiulizia uzi?

Kijana_wa_Bububu
sheikh sukuk haipandi mara tatu kwa wiki 😅

SheikhMwanakwerekwe
Wala haishuki kutoka 90 mpaka 2.

BintiMalindi
😂 hapo sheikh kamaliza.

Fundi nimalize na mie la keshi, mana hapa ndo mie huwa naanzia nikipewa kampuni yoyote inayosema inajipanga upya. Faida mhasibu anaweza kuipindapinda, keshi ni ngumu kidogo. Mwisho wa 2024 walikuwa na kama milioni 171. Machi 2025 ikawa 135. Mwezi wa 4 wanapokea za Geomagic, 123 hizo. Mwisho wa Juni unategemea uone mia mbili na kitu, unakuta 116. Sehemu kubwa imekwenda kwenye deni, sawa, hilo ni jema, lakini nyengine imekwenda kulipa mishahara na kodi za majengo, ndo maana ya biashara inayovuja.

Na ile klipu ya mtoto wa mjomba wako ni ya mwezi wa 8. Robo ya tatu ilishatoka mwezi wa 11: mauzo milioni 91 na kidogo, chini asilimia 19. Robo hiyo hawakuwa na kitu kikubwa cha kuuza, basi na faida haikuonekana, wakarudi kwenye khasara ya milioni 18. Kwa kila dola 100 wanabakiwa na 32 tu safari hii. Keshi kama 95. Yaani miezi mitatu tu baada ya ile milioni 104 watu walizopigia kelele.

MpembaDubai
Soma na upande wa pili basi Binti, usiwe unachagua. Matumizi yameshuka kweli, walisema watakata milioni 50 nyengine kwa mwaka mpaka katikati ya 2026 na robo baada ya robo gharama za uendeshaji zinateremka. Khasara ya milioni 18 kwa kampuni iliyokula mia na kitu robo kama hiyo mwaka wa nyuma ni nafuu kubwa (robo ya tatu 2024 ilikuwa khasara ya milioni 178 kama sikosei ile yenye kufuta thamani). Na deni la 2026 limebaki dogo. Mtu anaevuja damu ukimfunga kwanza, mbio baadae.

BintiMalindi
Robo ya tatu 2024 ilikuwa na kufuta thamani ndani yake, umesema mwenyewe, kwahivyo huwezi kuilinganisha na hii ukasema nafuu. Linganisha mauzo na mauzo. Gharama unaweza kukata mpaka ufike mfupa, lakini wanaokatwa ni wahandisi pia, na kampuni ya teknolojia ikikata watafiti inakula mbegu. Mwezi wa 5 2025 waliondoa hata makadirio yao ya mwaka, wakasema hali haieleweki. Wenyewe wanaokaa ndani hawawezi kusema mwaka utaishaje, mie wa Malindi niseme?

Msomi_Bweleo
Nyongeza ndogo, tizameni na jirani yao Desktop Metal, kampuni nyengine ya printa za 3D. Aliingia sokoni Disemba 2020 kwa njia ya mkato ya kuungana na kampuni tupu iliyokuwa tayari sokoni, 2021 akanunua EnvisionTEC na ExOne kwa mamia ya mamilioni, kila robo anasema anakata gharama, kata gharama. Aprili 2025 akanunuliwa na Nano Dimension ya Israel, Julai mwaka huo huo akaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wenye hisa walipata kidogo kwenye ule mnunuo, walioingia bei ya juu wamelia. Sisemi 3D Systems ni hivyo hivyo, huyu ana Align na hospitali na mauzo mara mbili tatu ya yule. Lakini sekta nzima ilinunuana kwa bei za 2021 na bili ndo zinakuja.

Stratasys nae, mshindani wao mkubwa, Agosti 2024 alitangaza kukata asilimia 15 ya wafanyakazi. Ila yeye hana deni, na mwanzo wa 2025 mfuko wa uwekezaji wa Fortissimo ukamtilia milioni 120. Kama Fundi anataka sekta hii kweli awalinganishe hawa wawili kwanza asisikilize klipu.

FundiMkunazini
Nimefahamu sasa, kumbe nilikuwa natizama mstari mmoja tu. Nimemtumia jamaa huu uzi asome mwenyewe mana mie nikimwelezea ataniona muoga.

Mwana_wa_Maskati
Asalaam alaykum, mie ndie huyo mtoto wa mjomba mnaenisema humu 😂 nimesoma wote. Dada Malindi unajua kusomesha. Lakini Fundi hakuwambieni kitu kimoja, mie nishanunua, sikumsubiri.

BintiMalindi
Waalaykum salaam. Ulinunua bei gani?

Mwana_wa_Maskati
Tatu na senti kadhaa, mwezi wa 10

Kijana_wa_Bububu
😬

BintiMalindi
Basi usiuze kwa hasira wala usiongeze kwa hasira. Ripoti ya mwaka huwa inatoka mwezi wa 3. Ukiifungua nenda kwenye keshi, kisha mauzo ukiitoa Geomagic kwenye miaka yote miwili, mana wakilinganisha na mwaka iliyokuwemo itaonekana wameanguka zaidi ya walivyoanguka, hilo nawatetea. Kisha tizama rezini peke yake kama inapanda. Ikipanda rezini na keshi ikasimama pale pale, MpembaDubai atakuwa kasema kweli na mie ntakuja humu humu kumwambia.

MpembaDubai
Nimeipiga picha hiyo komenti

Mwana_wa_Maskati
Na Fundi mia 3 yake aniletee au asilete?

FundiMkunazini
Mia 3 nishaagizia waya wa plastiki, samahani ndugu yangu